Tukimwondoa Mbu, Tunamkosea Mungu?



Likizo hii nikiwa nyumbani Ngulyati, baada ya kikao cha VIWAWA pale kigangoni, kijana mmoja aliniuliza swali lililotuchelewesha kurudi nyumbani. "Frateri, nimesikia redioni wataalamu hapa hapa Tanzania wanatengeneza mbu maabara. Sasa mbu si kaumbwa na Mungu? Wakimbadilisha, au wakimmaliza kabisa, si wanajifanya Mungu?"

Ubishi ukaanza. Mmoja akasema Mungu hakukosea kumuumba mbu, kwa hiyo tumwache. Dada mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akamjibu kwamba anayesema hivyo hajawahi kukesha wodini na mtoto mwenye degedege. Basi nikaahidi kuandika, kwa sababu naona wote wawili wameshika ukweli, kila mmoja upande wake. Kazi yetu leo ni kuuweka ukweli huo pamoja.

Kwanza tujue kinachofanyika

Mara nyingi tunabishana juu ya kitu tusichokifahamu. Tuanzie hapo.

Taasisi ya Afya Ifakara na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, zikishirikiana na Imperial College London, zimetengeneza mbu waliobadilishwa vinasaba katika maabara iliyopo Bagamoyo. Matokeo yalichapishwa Desemba 2025 katika jarida la Nature. Kwa hiyo hii siyo stori ya Ulaya tunayosimuliwa. Kazi imefanyika kwenye ardhi yetu, na damu yenye vimelea iliyotumika kuwapima mbu hao ilitoka kwa watoto wa Tanzania wenye malaria.

Walifanya nini? Mbu jike ndiye anayeuma, maana anahitaji damu ili mayai yake yakue. Akimuuma mgonjwa, anabeba vimelea, navyo vinakua ndani yake kwa siku kadhaa kabla hajavihamishia kwa mtu mwingine. Wataalamu wamempa mbu huyo vinasaba vinavyomfanya atengeneze protini mbili ndogo, moja asili yake ni kwa chura na nyingine kwa nyuki. Protini hizo zinadumaza vimelea. Mbu anabaki mbu, anaruka, anauma, ila vimelea havipati muda wa kukomaa ndani yake.

Sasa inakuja sehemu ngumu zaidi. Mbu wachache wa maabara watawezaje kubadilisha mamilioni walioko porini? Hapa tumkumbuke mtawa mwenzetu, Gregor Mendel wa Shirika la Mtakatifu Augustino. Akiwa kwenye bustani ya monasteri yake mjini Brno, alipanda njegere kwa miaka mingi, na mwaka 1866 akachapisha kanuni za urithi zinazofundishwa mpaka leo katika baiolojia ya sekondari. Viumbe vingi vina nakala mbili za kinasaba, moja ya baba na moja ya mama, na humpa mtoto moja tu. Nafasi ni nusu kwa nusu.

Teknolojia hii mpya inaivunja nusu kwa nusu ya Mendel. Inatumia "mkasi" wa vinasaba unaoitwa CRISPR, uliowapatia Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020. Kinasaba kipya kinamkata mwenzake, kisha kinajinakili mahali pake. Badala ya nusu ya watoto kukirithi, wanakirithi karibu wote, na vivyo hivyo wajukuu na vitukuu. Wengine wanakusudia kuitumia njia hii kupunguza sana idadi ya mbu. Wa kwetu Bagamoyo wanakusudia mbu abaki ila asibebe ugonjwa. Tena mbu wao wametengenezwa kwa tahadhari: sehemu inayozuia vimelea imetenganishwa na ile inayosukuma urithi, ili wasiweze kusambaa wenyewe. Na bado wamefungiwa maabara.

Je, ni kujifanya Mungu?

Hoja ya "kujifanya Mungu" ina nguvu masikioni, lakini tuipime. Kama kugusa kilichoumbwa ni dhambi, basi tuanze na shamba lako. Mbegu ya pamba ya UKM08 inayopandwa huku kwetu haikushuka kutoka mbinguni. Ilizalishwa na watafiti wa Ukiriguru kule Misungwi, waliochagua na kuchanganya mimea msimu baada ya msimu. Ng'ombe wa maziwa wa kisasa naye ni hivyo hivyo. Chanjo pia. Hata dawa mseto unayopewa kituo cha afya imetoka kwenye mmea wa shamba la pakanga ukapitishwa kwenye mitambo.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 2 aya ya 15, kinatuambia mtu aliwekwa bustanini na kupewa kazi mbili kwa pamoja: kuilima na kuitunza. Asiyelima amekataa nusu ya agizo. Asiyetunza amekataa nusu nyingine. Na Mtakatifu Thoma wa Akwino anatufundisha jambo ambalo mimi binafsi nalipenda sana, kwamba Mungu kwa wema wake hakutaka atende yote peke yake. Aliwapa viumbe heshima ya kuwa nao visababishi. Daktari anapoponya, Mungu hajanyang'anywa kazi. Mwalimu wa Thoma, Mtakatifu Alberto Mkuu, alichunguza wadudu, mimea na madini, na Kanisa likamfanya msimamizi wa wanasayansi mwaka 1941. Kanisa linaloogopa maabara lingefanyaje hivyo?

Lakini yule kijana wa kwanza naye asipuuzwe. Mbu si takataka. Duniani kuna aina zaidi ya 3,500 za mbu, na zinazoeneza malaria ni chache tu, dume wote wananyonya maji matamu ya maua, na mabuu ni chakula cha samaki. Baada ya gharika, Mungu alifanya agano na Nuhu, na pamoja naye kila kiumbe hai (Mwanzo 9). Katekisimu inaiweka heshima kwa uumbaji chini ya amri ya saba, ile ya usiibe. Fikiria hilo kidogo. Maana yake ni kwamba ukiharibu kiumbe bila sababu umeiba, na baadhi ya uliowaibia hawajazaliwa.

Ndani ya heshima hiyo kuna ngazi. Yesu alisema Baba yake anamjua kila shomoro anayeanguka, halafu akawaambia wanafunzi kwamba wao wana thamani kuliko shomoro wengi. Tunapata yote mawili: shomoro anahesabiwa, na mtoto anahesabiwa zaidi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 malaria iliua watu 597,000, wengi wao watoto wa Afrika walio chini ya miaka mitano. Zaidi ya nusu ya vifo vyote vilitokea katika nchi nne tu, na Tanzania ni mojawapo. Mbele ya makaburi hayo, kukaa kimya nako ni uamuzi, na uamuzi una mwenyewe.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kwanza ni hapana. Kumbadilisha mbu ili mtoto asife siyo kujifanya Mungu. Ila swali halijaisha.

Usukuma tumewahi kumfukuza mdudu

Thoma anapoieleza fadhila ya busara, anataja sehemu zake kadhaa. Ya kwanza ni kumbukumbu. Anayeamua juu ya kesho bila kukumbuka jana hana busara, hata kama ana shahada. Na sisi watu wa huku tuna kumbukumbu inayohusiana moja kwa moja na jambo hili.

Waulize wazee habari za mbung'o. Mdudu huyu alileta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliifanya Shinyanga kuwa kitovu cha vita dhidi yake, na mtaalamu aliyeongoza utafiti aliitwa C. F. M. Swynnerton. Mbung'o anapenda kivuli cha vichaka. Dawa ikawa rahisi: fyeka vichaka. Watu walitolewa kwa wingi kupitia watemi wao, wakashika mashoka na moto, maeneo makubwa yakawa meupe.

Tuseme ukweli wote. Mbung'o walirudi nyuma. Ng'ombe waliongezeka, familia zikapata pa kuhamia. Faida ilikuwepo. Lakini miti ikaenda na mbung'o. Ukijumlisha na mashamba ya pamba yaliyopanuka na mifugo iliyozidi, baada ya miongo michache ardhi ikabaki uchi, korongo zikachimbika, akina mama wakawa wanatembea mbali kutafuta kuni. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Enzi hizo Bariadi ilikuwa ndani ya mkoa wa Shinyanga, maana Simiyu imekuja kuwa mkoa mwaka 2012.

Kilichosaidia sana kurudisha miti ni kitu ambacho babu zetu walikuwa nacho tayari: ngitili. Unajua ngitili, ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika ili nyasi na miti vipumzike, kisha linafunguliwa kiangazi ng'ombe wakiwa na njaa. Kwa njia hiyo zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa kijani. Sheria za ngitili zinalindwa na watu wenyewe, kwa mikutano na dagashida, na anayevunja anatozwa.

Sasa linganisha na Unguja. Kule mbung'o aliondolewa kwa njia nyingine. Kwanza walipunguzwa kwa dawa. Halafu, kati ya mwaka 1994 na 1997, mbung'o dume waliofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi walimwagwa kwa ndege juu ya kisiwa. Majike yakapandwa na madume tasa, vizazi vikakatika, na mbung'o akaisha Unguja bila msitu kufyekwa. Angalia pia tofauti nyingine: dume tasa hana mtoto. Ukisimamisha ndege, na kazi imesimama.

Mdudu mmoja, nia moja, njia mbili. Ya kwanza ilimtazama mdudu peke yake na kusahau kwamba anakaa kwenye kichaka kinachoshikilia udongo, na udongo unaomlisha mtoto yule yule tunayetaka kumwokoa. Ya pili ilimgusa mdudu mwenyewe na kuacha mlango wa kurudi.

Mbu wa maabara yuko wapi kati ya hizo mbili? Kwa upande mmoja anafanana na Unguja, hafyeki kitu. Kwa upande mwingine amezidi zote mbili, kwa sababu ule msukumo wa urithi ukikamilika na kuachiwa porini, unakusudiwa uendelee wenyewe. Hapo ndipo wazee waliposema maji yakimwagika hayazoleki. Ufyekaji wa Usukuma tuliweza kuutibu baada ya miaka sitini, kwa jasho. Kinasaba kilichoenea kuanzia Simiyu mpaka Mara na kuvuka kwenda Kenya, nani atakifungia ngitili?

Nani anaulizwa?

Sehemu nyingine ya busara kwa Thoma ni kukubali kufundishwa. Anasema hata mwenye akili nyingi hawezi kuona kila kitu peke yake, hivyo amsikilize aliyeishi zaidi. Naona hapa ndipo moyo wa swali letu ulipo.

Ukienda kufanyiwa upasuaji unasaini karatasi. Unasaini kwa ajili ya mwili wako. Je, mbu akiachiwa, nani anasaini? Mbu haulizi mpaka wa kijiji, wala wa wilaya, wala wa nchi. Kijiji kimoja kikikubali, jirani ameshaingizwa. Burkina Faso walianza mapema: mwaka 2019 mradi wa Target Malaria uliachia mbu dume tasa waliobadilishwa vinasaba katika kijiji cha Bana, ingawa hao hawakuwa na msukumo wa urithi. Agosti 2025 serikali ya nchi hiyo ikasimamisha shughuli zote za mradi. Sitaki kuamua nani alikuwa sahihi kule. Ninachokiona ni kwamba sayansi inaweza kufaulu maabara na bado ikakwama pale ambapo watu hawajaridhika kwamba jambo ni lao.

Papa Fransisko katika Laudato Si' ya mwaka 2015 hakulaani wala kubariki moja kwa moja ubadilishaji wa vinasaba. Alisema ni vigumu kutoa hukumu moja kwa yote, na akataka majadiliano mapana, yenye taarifa kamili, yanayowaingiza wote wanaoguswa. Wengine watasema: wanakijiji wataelewa nini kuhusu CRISPR? Jamani, bibi yangu hakusoma, ila anajua kichaka kikiondoka kitu gani kinafuata. Anayeshindwa kueleza kazi yake kwa Kiswahili, na huku kwetu kwa Kisukuma, mpaka mkulima wa pamba akaweza kuuliza swali la kumbana, hajamaliza kazi yake. Na kuulizwa kusiko na nafasi ya kusema hapana ni kutangaziwa tu.

Lakini hapa yule dada mwenye mtoto ananitazama. Anasema: Frateri, mkiendelea kujadiliana, watoto wanaendelea kufa. Na ana haki. Kiswahili chenyewe kimetupa methali mbili zinazovutana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja yaumiza matumbo. Naona zote mbili zinadai kitu kimoja. Anayeomba muda ana deni la kuutumia. Ukisema "tusubiri kwanza", basi muda huo utumike kupima, kueleza, kusikiliza, kujaribu hatua ndogo inayorudishika kabla ya kubwa isiyorudishika. Ukisema tusubiri halafu ukalala, hiyo si tahadhari, ni uvivu uliovaa kanzu. Na anayetaka kuachia mbu naye ana deni lake: awepo miaka ishirini baadaye, ajulikane jina na ofisi, ili kikitokea kitu kijiji kijue kwa kwenda. Wale wa enzi ya mashoka walikuwa wameshaondoka korongo zilipofunguka.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Utafiti uendelee, na tuuombee. Njia inayombakiza mbu na kumwondolea ugonjwa inastahili kupendelewa kuliko ya kumfuta, ikiwa zote zinaokoa. Hatua zinazorudishika zitangulie. Na asiachiwe mbu yeyote mahali ambapo watu hawakuulizwa kwa lugha yao, wakiwa na uwezo wa kukataa.

Sisi tufanye nini?

Kijana mwenzangu, usingoje mbu wa Bagamoyo. Neti uliyopewa siyo ya kufugia vifaranga wala kuzungushia bustani ya mchicha. Ilale juu ya wadogo zako usiku wa leo. Mashimo ya maji karibu na nyumba yafukiwe. Mtoto akipata homa apimwe, asiishie kununuliwa dawa dukani kwa kubahatisha.

Wewe uliye shuleni, usiikimbie fizikia na baiolojia eti ni ngumu. Tunahitaji watafiti waliokulia kwenye ngitili, wanaosali, wanaojua jina la mtoto aliyezikwa. Ukipata sauti ya WhatsApp inayosema wazungu wanaleta mbu wa kutumaliza, usiisambaze kabla hujauliza mwalimu au mtu wa afya. Na ukisikia mkutano wa kijiji kuhusu utafiti wowote, nenda, ukae mbele, uulize.

Wiki hii tafakari Mwanzo 2:15 pamoja na jumuiya yako. Jiulizeni: katika kijiji chetu, ni kitu gani tumekilima bila kukitunza?

Tuombe. Ee Mungu Muumba, uliyetukabidhi kazi ya kulima na kutunza, wape wanasayansi wetu akili safi na mikono yenye uangalifu. Utupe sisi kumbukumbu ya yaliyopita na sikio la kumsikiliza mdogo. Uwafariji wazazi waliozika watoto kwa malaria, uwapokee watoto hao kwako, na utufanye tuwe wepesi kuokoa, wazito kuharibu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.